Kutoka Mwitongo hadi Mwisenge: Lugha Aliyoikuta Kambarage

Butiama imo katika mkoa wa Mara, mashariki ya Ziwa Nyanza. Kwa mtu wa Unguja, Pemba au Lamu, safari ya kufika huko ni ndefu, na wanaoifunga aghalabu hulifuata jina moja tu: Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa hapo tarehe 13 Aprili 1922 na kuzikwa hapo mwezi wa Oktoba 1999. Huenda wanafunzi, huenda viongozi wa siasa, na tangu Kanisa Katoliki lilipoanza, katikati ya miaka ya 2000, kuchunguza kama anastahili kuitwa mwenye heri, huenda pia mahujaji. Wapenzi wa mashairi ni wachache katika msafara huo, na wa visiwani ni wachache zaidi.

Sababu zipo, wala si za kufichwa. Visiwani jina la Nyerere halitajwi na watu wote kwa sauti moja. Wapo wanaoukumbuka Muungano wa Aprili 1964 kwa shukrani, na wapo wanaoukumbuka kwa uchungu. Makala haya hayakusudii kuwahukumu hawa wala wale. Swali la hapa ni jingine. Mtu huyu alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na alipozeeka akazitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika bahari ya utenzi. Je, mahali pa utoto wake panatwambia nini juu ya kazi hizo? Na je, mtu wa pwani anayedai kuwa Kiswahili ni chake, akifika huko atajiona mgeni au mwenyeji?

Jambo la kwanza linalostahili kuzingatiwa ni jina la mahali. Boma la ukoo, palipo na nyumba, makaburi na miamba mikubwa iliyopandana, huitwa Mwitongo. Kwa Kizanaki neno hilo lina maana ya penye itongo, yaani mahali palipowahi kuwa na maskani yakahamwa. Msomaji wa pwani hahitaji mkalimani hapo. Kusini ya mji wa Tanga pana Tongoni, penye gofu la msikiti na makaburi ya kale ya nguzo, na jina hilo limetokana na neno tongo, ambalo wazee walilitumia kwa maana ya mahame. Ziwa na bahari viko mbali, lakini neno ni moja. Mtoto aliyezaliwa Mwitongo hakuzaliwa nje ya ukoo wa lugha hii. Alizaliwa katika nyumba nyingine ya ukoo huohuo, nyumba ambayo hairushiwi upepo wa chumvi.

Majina ya watu nayo yanasema. Baba yake, Mtemi Burito, aliitwa Nyerere, neno ambalo kwa Kizanaki ni viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Mtoto mwenyewe aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, na husimuliwa kwamba mvua ilikuwa ikinyesha siku aliyozaliwa. Baba ni balaa la mashamba, mwana ni neema yake. Jamii iliyowapa majina hayo haikuwa na maandishi, lakini ilikuwa na daftari: kila mtu alibeba katika jina lake habari ya siku aliyokuja duniani. Pwani nako watu wameitwa Shida, Tabu na Juma kwa kanuni isiyo mbali na hiyo.

Ziara ya Butiama hufuata simulizi ambayo sasa imeshika umbo lake. Mgeni huelezwa habari za mtemi aliyekuwa na wake 22, na za Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano, mama yake Kambarage. Huelezwa habari za mtoto aliyechunga mbuzi na kulima. Huonyeshwa msitu wa Muhunda, unaoheshimiwa na Wazanaki kama makao ya mzimu. Hupelekwa kaburini. Huingia katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule wa msiba, akaona picha na zawadi za mataifa. Kisha simulizi huruka: skuli, chuo, TANU mwaka 1954, uhuru mwaka 1961. Mtoto wa mbuzi amekuwa Baba wa Taifa.

Simulizi hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba imetungwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kila jambo la utotoni linahesabiwa kwa kuwa limetabiri jambo la ukubwani: mvua imetabiri neema, mbuzi wametabiri uchungaji wa watu, akili ya kucheza bao imetabiri akili ya kutawala. Wasomaji wa tenzi wanaijua sana kanuni hii. Masimulizi ya mashujaa yametungwa hivyo tangu zamani, na hakuna ubaya ikiwa msikilizaji anajua kwamba anasikiliza utenzi. Lakini mtoto halisi hupotea. Mtoto halisi hakujua kwamba atakuwa rais. Alijua mbuzi, mvua na michezo, na alijua lugha moja tu, lugha ya mama yake.

Habari ya bao ndiyo inayofungua njia ya kutoka katika simulizi hiyo. Inaelezwa kwamba Kambarage alikuwa hodari wa mchezo huo, na kwamba mtemi jirani, Ihunyo, alipouona wepesi wa akili yake alimshauri Burito ampeleke mtoto skuli. Likiwa kweli kama linavyosimuliwa, basi kete zilizotembea katika vishimo ndizo zilizompeleka Kambarage Musoma. Visiwani, ambako bao la kete bado ni baraza ya wazee na kipimo cha akili, habari hiyo inaeleweka bila ya maelezo. Anayejua kuhesabu kete za mwenziwe kabla hazijatua atajua siku moja kuhesabu mizani.

Skuli ilikuwa Mwisenge, Musoma, kiasi cha kilomita 40 kutoka nyumbani. Kambarage aliingia mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Wageni wengi hupita Mwisenge kwa haraka wakielekea Butiama, au hawapiti kabisa, maana hapana kaburi wala mwamba wa kupigia picha. Pana skuli ya msingi ambayo hadi leo inasomesha watoto. Lakini kwa mpenzi wa lugha, hapa ndipo mahali pakubwa kuliko pote. Masomo ya Mwisenge yalitolewa kwa Kiswahili, na Kambarage hakukijua Kiswahili. Alijifunza darasani, pamoja na hesabu na kusoma, mtoto mkubwa tayari, akijenga sentensi zake za kwanza kama mjenzi anayepima kila tofali.

Kiswahili gani? Hapa tarehe zina faida. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu kwa ajili ya skuli na vitabu vya Afrika Mashariki. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyosimamia tahajia, kamusi na vitabu vya kusomea. Miaka minne baadaye Kambarage akakaa katika benchi la Mwisenge. Kwa maneno mengine, kisiwa kilikuwa kimekwishafika Musoma kabla yake. Kilikuwa kimepunguzwa, kimepigwa pasi na kamati, kimeondolewa chumvi na methali nyingi za baraza. Lakini kilikuwa ni Kiunguja. Mtoto wa Kizanaki alifundishwa maneno ambayo bibi wa Mji Mkongwe aliyatumia kumwita mjukuu wake aje ale. Ikiwa mtu wa Unguja anatafuta haki ya kuingia katika historia ya utoto wa Nyerere, asiitafute katika siasa. Haki yake imo katika kitabu cha kwanza cha kusomea kilichofunguliwa Mwisenge.

Kutoka hapo Kambarage alikwenda Tabora mwaka 1937, ambako alisomeshwa kwa Kiingereza. Basi lugha zake zilipangika hivi: Kizanaki nyumbani, Kiswahili darasani, Kiingereza katika skuli ya juu. Ukilishika jambo hilo, tafsiri zake zinaonekana kwa sura mpya. Wafasiri wana kanuni kongwe: fasiri kuelekea lugha ya mama, kwa sababu humo ndimo ulimi usipokosea. Nyerere aliivunja. Alipomfasiri Shakespeare alitoka katika lugha ya tatu akaingia katika ya pili. Lugha ya kwanza, lugha ya Mwitongo, haikuitwa katika kazi hiyo. Hilo ni jambo zito, na wahakiki wake wengi wamelipita kwa kuwa walishughulika zaidi na cheo chake.

Athari yake inaonekana. Tafsiri ya Julius Caesar ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya Tanganyika kuwa jamhuri; ikarekebishwa na kutoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kiswahili chake ni safi, kina mpango, kinafuata sarufi kwa adabu ya mwanafunzi mzuri. Kinachokosekana ni kile ambacho hakifundishwi darasani: utani, mafumbo ya kina mama, kauli ambayo haina maana katika kamusi lakini ina maana katika baraza. Umati wa Roma katika mchezo ule ni watu wa mitaani, wenye ndimi kali. Mtu aliyekulia Malindi ya Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa angewapa matusi yao halali. Nyerere amewapa hoja. Wanazungumza kama watu waliokwenda skuli.

Lakini kwa kasoro hiyohiyo alipata jambo ambalo mzaliwa wa pwani angelipata kwa shida. Mwenye lugha hubebwa na lugha. Akianza sentensi, methali humalizia. Mgeni aliyejifunza hana wa kummalizia, hivyo hulazimika kufikiri hadi nukta. Hotuba za Bruto na Antonio juu ya maiti ya Kaizari zinahitaji hasa akili ya namna hiyo, kwa kuwa ni mashindano ya hoja, na humo tafsiri inasimama imara. Mistari yake haifungwi kwa vina, kama asili ilivyo. Wakati huo jambo hilo halikuwa dogo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amekwishaandika kanuni za vina na mizani mwaka 1954, na wengi walizipokea kama sheria ya nchi. Ugomvi mkubwa wa mashairi yasiyo na vina ulikuwa bado mbele, katika miaka ya 1970. Nyerere hakutangaza mapinduzi. Alifuata tu kile alichokikuta katika kitabu, na akaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mashairi ya jukwaani bila ya kina.

Tafsiri ya pili, Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, ina somo lake katika jina. Katika asili mfanyabiashara ni mmoja. Katika Kiswahili wamekuwa wengi, na wamekuwa mabepari. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno hilo lilikuwa tusi. Wahakiki wamesema mara nyingi kwamba hapo mwanasiasa alimshika mkono mfasiri, na wamesema kweli. Kwa jina hilo Antonio, mtu mwema wa mchezo, anawekwa katika kapu moja na Shylock kabla pazia halijafunguliwa. Lakini pana jambo la kuongeza. Pwani ilikuwa na neno lake kwa mtu huyu: tajiri, ambalo katika Kiarabu asili yake ni mfanyabiashara, na ambalo kwetu ni mwenye mali, mwenye shehena, anayesubiri jahazi lirudi. Mchezo ule ni wa majahazi yaliyochelewa. Neno la bandarini lilikuwa limekaa tayari, na mtoto wa nchi ya mbuzi hakuliokota.

Hata hivyo neno alilolichagua nalo limevuka bahari. Bepari limetoka Bara Hindi, ambako maana yake ya asili ni mfanyabiashara tu, bila ya lawama. Lilifika pwani yetu kwa njia ileile ya pepo za kaskazi. Siasa ndiyo iliyolichafua. Basi katika jina moja la kitabu zimekutana bandari ya zamani na ilani ya 1967, na msomaji ana haki ya kulisikia kila moja kwa zamu. Tafsiri inayoweza kusomwa hivyo, hata kama imekosea, si kazi ya mtu asiyejali lugha.

Kazi ya mwisho ndiyo inayomrudisha mhakiki Mwisenge. Mwaka 1996, akiwa na miaka 74, Nyerere alitoa tenzi za Injili nne na Matendo ya Mitume. Safari hii hakuacha vina. Alichukua utenzi mzima: vipande vinne katika ubeti, mizani minane, vina vitatu vya ndani na kina kimoja cha bahari kinachotembea hadi mwisho. Ni umbo lililolelewa katika madrasa na misikiti ya Lamu, Pate na Siu. Ndilo la Mwana Kupona mwaka 1858, na ndilo la visa vya Mitume na vita vya kale. Mkatoliki kutoka ziwani aliingia humo na kitabu chake. Wapo watakaoona kuwa amechukua kisicho chake. Lakini umbo la ushairi si jamvi la msikiti; aliyelijia kwa kuheshimu kanuni zake zote amebisha hodi.

Katika majina ya vitabu hivyo lipo neno ambalo huwachekesha vijana: Injili kwa utongozi wa Mathayo, kwa utongozi wa Luka. Leo utongozi ni kazi ya mvulana kwa msichana. Lakini katika lugha ya washairi wa kale, kutongoa ni kunena, kutamka kwa ufasaha. Neno hilo lilikuwa limekwishazama katika mazungumzo ya kila siku, na limebaki katika kurasa za tenzi. Mtu hulipata kwa kusoma tu, na kwa kusoma sana. Mzaliwa wa pwani angeliona aibu akaliacha. Aliyejifunza darasani alilichukua kwa maana yake ya asili, kwa imani ya mtu anayeamini kamusi kuliko mtaa. Hapo kasoro yake ya zamani imegeuka kuwa huduma: ametuhifadhia neno ambalo sisi tulikuwa tumeliacha lioze.

Haimaanishi kwamba tenzi hizo ni kilele cha fani. Zinafuata maandiko kwa uaminifu mkubwa mno; kisa hakipewi nafasi ya kupumua, na mara kwa mara kina ndicho kinachovuta maana badala ya maana kuvuta kina. Anayetaka picha inayowaka au hisia inayokata itambidi arudi kwa mabingwa wa Lamu. Thamani yake iko katika kitendo chenyewe. Mtoto aliyelikuta neno la kwanza la Kiswahili katika umri wa miaka 12 alimaliza maisha yake akiwa amekaa, kwa hiari, ndani ya chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya Waswahili.

Wala hakuwa peke yake. Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za mashairi, alizaliwa Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, bingwa wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga, lakini asili ya wazazi wake ni Wayao. Ukiwatoa watu hawa kwa hoja kwamba lugha ni ya damu, ushairi wa karne ya 20 unabaki na pengo ambalo pwani peke yake haiwezi kuliziba. Ukiwaingiza, inakubidi ukubali kwamba Kiswahili kina watoto ambacho hakikuwazaa.

Hilo si rahisi kulisema visiwani. Lawama kwamba watu wa bara wanaiharibu lugha ina ukweli ndani yake. Kila asubuhi redio inatoa ushahidi. Pwani imetoa lugha, na mara nyingi imelipwa kwa kusahihishwa na wale iliowafundisha. Mtu wa Pemba au wa Pate, ambaye mtoto wake hupunguziwa alama skuli kwa kuandika lahaja ya mama yake, ana haki ya kununa. Lakini lawama hiyo iwaelekee walioiacha lugha bila ya kuisoma. Haiwezi kumwelekea aliyeisoma hadi akaufikia utenzi.

Kwa sababu hiyo ziara ya mahali pa utoto wa Nyerere inafaa ibadilishiwe mpangilio, angalau na wanaokwenda kwa ajili ya ushairi. Wasianzie kaburini. Waanzie Mwitongo, wasikilize jina la mahali na kukumbuka Tongoni. Wapite katika nyumba yake, penye maktaba ya maelfu ya vitabu, waone kwamba kiu iliyoanzia darasani haikukatika. Kisha washuke Musoma, na Mwisenge wasipite kwa haraka. Saa za masomo zikiwaruhusu, wasimame nje ya darasa wasikilize watoto wa Mara, ambao wengi wao wametoka nyumbani na lugha nyingine, wakisoma kwa sauti moja maneno ambayo asili yake ni Unguja.

Miongoni mwa watoto hao huenda hakuna rais, na taifa halitapungukiwa kwa hilo. Ila anaweza kuwamo mmoja ambaye baada ya miaka 60 atalitoa shimoni neno ambalo pwani imelitupa, alifute vumbi, alitie katika mizani minane na kuwarudishia wenyewe. Akija kubisha hodi, itafaa akute mlango wetu haujafungwa.